Ukihofu kwamba dawa ya maumivu imeanza kukutawala: hatua za kufuata ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeandikiwa dawa kali ya kutuliza maumivu, akaitumia kwa wiki au miezi, na sasa anajiuliza kama anaimeza kwa sababu bado anaumwa au kwa sababu mwili umekataa kukaa bila hiyo. Katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe njia za kufika hapo zinafahamika: ajali ya bodaboda iliyoacha vyuma mguuni, gogo lililomwangukia mpasua mbao wa Mafinga, kiuno cha mpakizi anayepandisha magunia ya viazi ya lumbesa kwenye fuso kule Uporoto, au kidonda cha upasuaji kilichochelewa kupona. Hakuna kati ya hao aliyekwenda kutafuta ulevi, na kwa sababu hiyo hiyo wengi huona aibu kutamka kwamba dawa ya hospitali imewashinda.

Jambo moja litangulie hatua zote: usiache dawa ghafla usiku wa leo kwa hasira au kwa nadhiri. Mwili uliozoea dawa hizi ukinyimwa ghafla huchafuka, na mtu aliyechafukwa hivyo usiku, peke yake, mara nyingi huishia kumeza dozi kubwa kuliko ile aliyoapa kuiacha. Kwa mjamzito, kuacha ghafla ni hatari pia kwa mtoto aliye tumboni. Endelea na kiasi ulichoandikiwa, bila kuongeza, huku ukifuata hatua zilizoelezwa hapa.

Hatua ya kwanza: ijue dawa yenyewe

Toa dawa zote ulizo nazo nyumbani, uzipange mezani na usome majina. Dawa zinazohusika hapa ni zile za jamii ya afyuni: tramadol, kodeini (ambayo mara nyingi huchanganywa na paracetamol katika kidonge kimoja), mofini, pethidini na fentanyl. Paracetamol peke yake, ibuprofen, diclofenac na meloxicam hazimo katika jamii hiyo. Zina madhara yake kwa ini, tumbo au figo zikitumiwa hovyo, lakini hazileti utegemezi unaozungumzwa hapa.

Shida yetu ni ile bahasha ndogo ya dirisha la dawa. Imeandikwa “1 x 3” kwa kalamu, pengine na neno “maumivu”, na vidonge vyenyewe vimekatwa kwenye pakiti yake mahali ambapo jina lilikuwa. Kama huwezi kusoma jina, rudi na bahasha hiyo dukani au hospitalini ilikotoka, umwombe mfamasia akuandikie jina kamili la dawa na uzito wake kwa miligramu. Usikubali jibu la “ni ya maumivu tu, mama”. Mtu anayepanga kupunguza dawa asiyoijua hawezi kupanga chochote.

Ukisha kujua jina, linganisha kiasi. Kapsuli ya kawaida ya tramadol ina miligramu 50, na kwa mtu mzima mwenye figo na ini nzima kiwango cha juu kwa siku ni miligramu 400, yaani kapsuli nane. Ukivuka hapo hatari ya kuanguka kifafa huongezeka, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani mwake. Kwa vidonge vyenye kodeini na paracetamol kwa pamoja, angalia upande wa paracetamol pia, kwa sababu zaidi ya gramu nne kwa siku huweza kuliharibu ini wakati wewe unafikiria habari ya kodeini peke yake. Aina za dawa zilizotengenezwa kuyeyuka polepole hazipasuliwi, hazisagwi wala hazitafunwi. Ukizisaga, dozi ya nusu siku nzima huingia mwilini kwa mara moja.

Wapo wanaoichukulia tramadol kuwa nyepesi kwa kuwa haikuwekwa katika orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, kama mofini na kodeini zilivyowekwa. Orodha hizo ni za sheria. Mwili wako hauzisomi, na tramadol huleta utegemezi kama ndugu zake.

Hatua ya pili: weka hesabu kwa siku saba

Chukua daftari, hata lile la shule la mtoto lililobaki kurasa. Kila umezapo dawa andika saa, idadi, sababu iliyokufanya umeze, na maumivu yalikuwa ya kiwango gani kati ya sifuri na kumi. Kisha baada ya saa mbili andika tena kiwango cha maumivu na ulichokuwa ukifanya. Andika kila kidonge, pamoja na kile ulichokimeza umesimama jikoni bila mtu kukuona. Hesabu hii ni yako na ya daktari wako, na faida yake yote inakufa ukiidanganya.

Safu ya sababu ndiyo yenye mengi. Ukikuta umeandika “mguu” mara mbili, halafu “usingizi”, “mawazo”, “nilikuwa na hasira”, “ili niweze kwenda shamba”, hapo dawa imeshahama kazi iliyoandikiwa. Ukikuta unameza saa kumi na moja alfajiri kwa sababu umeamka na jasho, miayo isiyokwisha, kamasi na machozi, na yote yakatulia baada ya nusu saa au saa moja, huo si mguu unaouma. Ni mwili unaodai dawa, hali ambayo vijana wa mitaani huiita arosto.

Baada ya siku saba, jipime kwa mambo sita ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka katika mwongozo wake wa magonjwa, toleo la kumi. Je, una hamu kali ya dawa inayokuzidi nguvu? Je, unashindwa kujizuia kuanza, kuacha au kupima kiasi? Je, ukikosa dawa mwili huchafuka? Je, dozi iliyokutosha mwanzoni sasa haitoshi? Je, umeacha mambo uliyoyapenda au majukumu yako, na muda wako mwingi unapotea katika kutafuta dawa na kupata nafuu yake? Je, unaendelea ingawa unaona wazi kwamba inakudhuru? Matatu au zaidi yakiwapo kwa pamoja katika kipindi fulani cha mwaka uliopita, mtaalamu huweza kutamka kwamba una ugonjwa wa utegemezi, na ugonjwa huo una tiba.

Hata hivyo, tahadhari na hesabu ya haraka. Mwili kuizoea dawa na kuchafuka ikikosekana hutokea kwa karibu kila mtu anayeitumia kila siku kwa wiki kadhaa, hata yule anayefuata maagizo kikamilifu, na hali hizo mbili peke yake hazimfanyi mtu kuwa mraibu. Uraibu ni pale dawa inapoanza kuamua mambo ya nyumbani kwako: pesa ya mbolea inaishia dukani, unamwambia mwenzako unakwenda Mwanjelwa kununua mboga kumbe unazunguka maduka matatu ya dawa. Mgonjwa wa saratani anayemeza mofini ya maji kwa ratiba ya daktari asisome mwongozo huu akaingiwa na hofu ya kuiacha. Nimeona familia zikimnyima mzazi wao mofini kwa kuogopa “atazoea”, naye akalala na maumivu ambayo dawa ile ingeyatuliza; kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko utegemezi wenyewe. Mwenye selimundu naye apange mambo na kliniki yake, asijiamulie.

Hatua ya tatu: ondoa vitu vinavyoua, leo hii

Dawa yenyewe hatuiachi ghafla, lakini yapo mambo ya kuacha mara moja. La kwanza ni pombe ya aina yoyote, iwe bia, ulanzi, komoni au kimpumu. Dawa za jamii ya afyuni hupunguza kasi ya kupumua, na pombe hufanya vivyo hivyo. Zikikutana usingizini mtu huweza kusahau kupumua. La pili ni diazepam na dawa nyingine za usingizi zinazochanganywa nazo bila daktari kujua. La tatu ni kuazima vidonge kwa jirani au kununua kapsuli zisizo na pakiti, kwa sababu huna namna ya kujua kilichomo ndani. Anayetumia tramadol na wakati huohuo anatumia dawa za sonona kama fluoxetine au amitriptyline amweleze daktari mapema, kwani mchanganyiko huo huongeza hatari ya kifafa na huweza kuleta homa, mtetemeko na kuchanganyikiwa. Mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadol bila daktari kuliamua hilo akijua kwamba ananyonyesha: miili ya watu wengine huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na mofini hiyo hupita kwenye maziwa.

Dereva anayeshuka Kitonga au anayekesha barabara ya Tunduma akiwa ameongeza dozi asiendeshe mpaka ameonana na daktari. Najua hili lina gharama kwa anayelipwa kwa safari.

Waeleze watu wa nyumbani dalili za dozi iliyozidi: mtu anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, haamki akiitwa na kutikiswa, anapumua kwa nadra, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, midomo na kucha zinageuka rangi ya kijivu au bluu. Mtu huyo alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, asinyweshwe maziwa, maji ya chumvi wala kitu kingine chochote, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti za dawa alizomeza, na wahudumu waambiwe ukweli. Hospitalini kuna dawa iitwayo naloxone ambayo huweza kurudisha pumzi. Akianguka kifafa, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye na msimtie kijiko mdomoni.

Hatua ya nne: nenda kwa mtu sahihi na useme maneno sahihi

Duka la dawa muhimu lililo karibu na nyumbani si mahali pa kutibiwa tatizo hili. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na umewasaidia sana watu wa vijijini kupata dawa za kawaida, lakini hayakusudiwi kuuza dawa za jamii ya afyuni. Anayekuuzia chini ya meza anakuongezea ugonjwa. Anza na daktari aliyekuandikia dawa. Ikiwa haiwezekani, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ama hospitali za mashirika ya dini ambazo watu wengi wa huku huzitegemea, kama Ikonda kule Makete, Ilembula, Ilula au Tosamaganga. Kwa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina kliniki ya methadone (dawa inayotolewa chini ya usimamizi ili kutuliza arosto), huduma ambayo hapa nchini ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011. Kliniki hiyo hupokea zaidi watumiaji wa heroini, na mtu wa vidonge huweza kuona haya kukaa kwenye benchi lao. Asione haya, kwa kuwa wataalamu wa pale wanaijua arosto kuliko wengi, na ndio watakaoamua kama methadone inakufaa au la.

Foleni ni ndefu na dakika za kuonana na daktari ni chache, kwa hiyo nenda na daftari lako na uanze na jambo lenyewe. Kwa mfano:

“Shikamoo, daktari. Nilivunjika mguu, nikaandikiwa tramadol mbili kutwa mara tatu. Mguu umeunga, lakini nikichelewa kumeza natetemeka na kutoka jasho, na dawa za mwezi zinaniishia wiki ya tatu. Hesabu yangu hii hapa. Naomba tupange namna ya kupunguza, nisikatiwe ghafla.”

Sentensi ya mwisho usiiache. Ukijibiwa “wewe acha tu”, uliza kwa heshima: nipunguze kiasi gani kila mara, nikizidiwa nije wapi, na lini unione tena? Anayeshindwa kujibu hayo matatu mwombe rufaa. Mwambie pia kuhusu pombe, dawa za kienyeji, kifafa cha zamani, ujauzito, na kama umewahi kufikiria kujidhuru. Hospitali nyingi zina ofisa ustawi wa jamii. Kama nauli au gharama ndiyo inayokukwamisha, mtafute yeye kabla hujakata tamaa na kurudi nyumbani.

Hatua ya tano: punguza polepole, kwa mpango ulioandikwa

Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi kwa mtu aliyetumia dawa kwa mwaka au zaidi ni kupunguza takriban asilimia kumi ya dozi kwa mwezi. Aliyetumia kwa wiki au miezi michache huweza kushuka kwa kasi zaidi, hata asilimia kumi kwa wiki. Daktari wako ndiye atakayechagua, lakini ni vema uelewe hesabu ili usishawishike kukimbia.

Chukua mtu anayemeza kapsuli sita kwa siku, yaani miligramu 300. Asilimia kumi ni miligramu 30, ambayo ni ndogo kuliko kapsuli moja, na kapsuli haikatwi. Akiondoa moja anakuwa ameondoa sehemu moja ya sita, hatua kubwa kidogo, kwa hiyo akae hapo wiki mbili hadi nne mpaka mwili utulie kabla ya kuondoa nyingine. Akifika kwenye mbili, kuondoa moja ni kuondoa nusu nzima kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi hukwama, wakajiona dhaifu kwa kushindwa “kapsuli moja tu”, kumbe kadiri dozi inavyopungua ndivyo kila kapsuli inavyozidi kuwa na uzito. Mwombe daktari atafute aina yenye vipimo vidogo zaidi, au apange kurefusha saa kati ya dozi moja na nyingine. Ukizidiwa, kaa palepale ulipofika kwa wiki mbili zaidi. Kusimama kunaruhusiwa, na ni bora kuliko kurudi juu.

Dalili za kukosa dawa kwa kawaida huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho ya dawa za muda mfupi, na huendelea kwa siku 4 hadi 10, ingawa usingizi mbovu na hamu vinaweza kuchukua wiki. Tarajia miayo, machozi, kamasi, malaika kusimama mwilini, jasho, maumivu ya misuli, tumbo kusokota, kuhara na wasiwasi. Kwa tramadol wengine hupata hofu kali ya ghafla au ganzi mikononi. Ukipunguza polepole, mengi ya haya hubaki mepesi. Ukihara, kunywa maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zile za ORS. Kwa kuwa baridi na jasho hufanana na malaria, mtu aliyetoka Kyela au Usangu apime kwanza kabla ya kumeza dawa mseto, na asidhani pia kwamba kila homa ni arosto.

Kuhusu majira: kama daktari haoni haraka, usianze mwezi Juni au Julai. Baridi ya Makete, Njombe na Mufindi katika miezi hiyo hukaza viungo hata vya mtu mzima wa afya, na mtu anayepunguza dawa huisikia mara mbili. Usianze pia wiki ambayo shamba lote linakusubiri wewe.

Hatua ya sita: maumivu yenyewe yatafutiwe dawa nyingine

Kupunguza bila kupanga namna ya kutuliza maumivu hakutadumu. Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: dawa hizi zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu, hivyo baadhi ya watu maumivu yao huongezeka kiasi wanapopunguza, kisha baada ya wiki kadhaa huumwa kidogo kuliko walivyokuwa wakiumwa na dozi kamili. Muulize daktari kuhusu paracetamol kwa ratiba, ibuprofen au diclofenac kwa muda mfupi kama figo na tumbo vinaruhusu, na amitriptyline kwa dozi ndogo kwa maumivu ya kuchoma ya mishipa ya fahamu, pindi utakapokuwa umeshuka kwenye tramadol. Mazoezi tiba ya hospitali ya mkoa yana faida kubwa kwa kiuno na mguu uliounga, na hayapaswi kuachwa baada ya siku ya kwanza kwa sababu “wananinyoosha tu”. Mbeba mizigo ambaye kiuno chake ndicho chanzo atafute gunia dogo au kazi nyingine kwa kipindi hicho, la sivyo kila Jumatatu itaurudisha ugonjwa. Kwa choo kigumu, ambacho huwasumbua karibu wote wanaotumia dawa hizi, maji mengi, mboga na parachichi husaidia, na kama havitoshi daktari ana dawa ya kulainisha.

Hatua ya saba: dawa ikae mikononi mwa mwingine

Chagua mtu mmoja unayemwamini, mke, mume, dada au shemeji asiye na maneno mengi, umkabidhi vidonge vyote vikae kwenye sanduku lenye kufuli. Yeye akupe za siku moja kila asubuhi, mweke alama kwenye daftari pamoja. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kuhesabu na kufunga. Hakagui mifuko yako wala hakusimangi mbele ya watoto. Ukimwomba za ziada usiku, jibu lake liwe lile mliloliandika mkiwa mmetulia: tusubiri mpaka asubuhi, tukiona hali mbaya twende hospitali. Zilizobaki baada ya kumaliza mpango zirudishwe famasi ya hospitali. Zisiwekwe akiba juu ya kabati wala zisigawiwe jirani mwenye jino bovu.

Ukishamaliza

Wiki na miezi baada ya kuacha, mwili hupoteza uzoefu wake wa dawa, na dozi uliyokuwa ukiimeza zamani bila hata kusinzia sasa huweza kusimamisha pumzi yako. Ukiteleza siku moja, usiteleze kwa kiasi cha zamani, usiwe peke yako, na urudi kliniki kesho yake ukaeleze. Katika daftari lako la matibabu, kwenye ukurasa wa kwanza, mwombe daktari aandike jina la dawa, kiasi ulichokuwa ukitumia na tarehe uliyoacha. Siku ukihitaji upasuaji au ukipata ajali nyingine, lionyeshe ukurasa huo kabla ya kuandikiwa dawa. Haimaanishi utanyimwa tiba ya maumivu, bali daktari atajua kupanga siku chache zenye mwisho, na wewe utamuuliza palepale dirishani: hii ni dawa gani, ni ya siku ngapi, na nitaiacha vipi?